Lebo Ipi Ndiyo Yenyewe? Kutunza Mafaili ya Bidhaa Zetu Zinazovuka Bahari

Fungua kompyuta ya kampuni ya viungo hapa Unguja au Pemba, uandike "bizari" kwenye kisanduku cha kutafutia. Zitatoka picha za manjano, za uzile, za mchanganyiko wa mchuzi, lebo ya mwaka juzi, lebo ya mwaka huu, orodha ya bei za hoteli, na video ya shemeji wa bosi akionja pilau. Mafaili yapo tele. Linalokosekana ni jibu la swali moja: lipi ndilo lenyewe?

Kampuni kubwa za dunia zinazouza sabuni na vyakula katika nchi mia zina idara nzima ya kujibu swali hilo, na programu zake maalumu. Shida yao na yetu ni moja. Tofauti ni idadi ya sifuri. Kwa hiyo mwenye bidhaa 12 na masoko matatu asikimbilie kununua programu. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ndilo la mwanzo kweli.

Usianze kwa kupanga kila kitu. Hapo ndipo wengi hukwama: wiki ya kwanza wanapanga picha za maonesho ya miaka sita nyuma, wiki ya pili wamechoka. Hesabu kwanza kinachouzwa leo. Bidhaa 12, masoko 3 (nyumbani, Ujerumani, Oman), lebo ya mbele na ya nyuma: hizo ni lebo 72. Ongeza picha tatu za kila bidhaa, 36. Ongeza nembo katika maumbo manne. Jumla mafaili 112. Hayo ndiyo yanayoleta pesa, na mtu mmoja anaweza kuyamaliza kwa wiki moja. Yaliyobaki yote yatie kwenye folda moja iitwayo ZAMANI, ifunge isiandikike, iwe ya kusomwa tu. Kitu kikihitajika kinatolewa humo, kinapewa jina la sawasawa, kinaingizwa daftarini. Kisichohitajika kwa miaka miwili hakina haja ya kupangwa.

Daftari lenyewe ni jedwali la kawaida, Excel au Google Sheets. Kila faili mstari wake: msimbo wa bidhaa, aina ya faili, soko, lugha, toleo, hali, aliyeidhinisha na tarehe, mahali lilipo, na mwisho wa ruhusa ya kulitumia. Safu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha tupu, na ndiyo yenye kuleta kesi. Tutairudia.

Hali ziwe nne tu: rasimu, inakaguliwa, imeidhinishwa, imestaafu. Toleo lililoidhinishwa liwe moja kwa kila bidhaa na soko. Likiingia jipya, la zamani linastaafu siku hiyohiyo. Mawili yasikae pamoja hata saa moja.

Jina la faili nalo lijieleze bila ya kufunguliwa:

SBM-100_LEBO-NYUMA_DE_v04_2025-03-18.pdf

Yaani sabuni ya mwani gramu 100, lebo ya nyuma, soko la Ujerumani, toleo la nne, tarehe. Mwaka unatangulia ili mafaili yajipange yenyewe kwa wakati. Andika v04, si v4, kwa sababu mifumo mingi ya mtandaoni huiweka v10 kabla ya v4. Usitumie mkwaju wa tarehe (18/03), Windows inaukataa. Hali ya faili usiitie ndani ya jina. Hali hubadilika, jina likibadilika viungo vya mtandao (linki) ulivyowatumia watu huweza kukatika, na hapo ndipo huzaliwa ule ukoo wa "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho hii ndiyo". Folda nazo zisizame sana: Windows kwa kawaida huanza kugoma njia nzima ya faili (majina ya folda zote pamoja na la faili) ikipita herufi 260, na dalili yake ni ya ajabu, faili unaliona lakini halinakiliki.

Kampeni za Ramadhani zina mtego wao. Mwezi mwandamo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo "kampeni ya Machi" baada ya miaka mitatu haina maana. Hata "Ramadhani-2030" haitoshi, maana mwaka huo Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Andika mwaka wa Hijria: RAMADHANI-1451 na RAMADHANI-1452. Mkanganyiko umekwisha.

Maneno ya kutafutia

Kazi hii haipendwi, na ndiyo inayolipa kuliko zote. Mtu wa Pemba anaandika hiliki, wa Dar es Salaam anaandika iliki. Mmoja dalasini, mwengine mdalasini. Pilipili manga inaandikwa kwa neno moja na kwa maneno mawili. Kompyuta haijui kuwa hao ni ndugu, kwa hiyo picha iliyopigwa kwa pesa haionekani, na inapigwa tena.

Dawa yake ni orodha ya maneno rasmi. Kila bidhaa ina neno moja kuu, na majina yake mengine yote yanaandikwa pembeni, pamoja na jina la kisayansi na jina la kila lugha unayouzia. Manjano: bizari ya manjano, Kurkuma, Curcuma longa. Uzile: bizari ya pilau, Kreuzkümmel, Cuminum cyminum. Neno "bizari" likae peke yake kwa mchanganyiko wa mchuzi tu, au lipigwe marufuku kabisa. Sisi tunapendelea marufuku. Kuwa makini zaidi na kungumanga na basibasi. Tunda ni moja, Myristica fragrans, lakini kungumanga ni mbegu na basibasi ni ngozi nyekundu inayoizunguka. Ni bidhaa mbili, na picha ya moja kuwekwa kwenye tangazo la nyengine ni kosa la kila siku.

Maneno haya yaandikwe daftarini, na vilevile ndani ya faili lenyewe, kwenye sehemu za maelezo zinazofuata kanuni ya IPTC (kiwango cha kimataifa cha maelezo ya picha). Programu za Adobe Bridge na digiKam zote mbili hazilipiwi na zinaandika hayo kwa picha 200 kwa mkupuo. Faida yake ni kwamba picha ikitoka kwenye folda yake, jina la mpigaji, haki na maneno vinasafiri nayo.

Vinasafiri mpaka ifike WhatsApp. Ukituma kama picha, WhatsApp inafuta maelezo hayo na kuipunguza, mara nyingi hadi kama pikseli 1,600 upande mrefu. Kwa uchapaji wa pikseli 300 kwa inchi, hiyo inatosha upana wa sentimita 13.5 tu, na mwenye hoteli anataka bango la mita mbili. Ukilazimika kupitia huko, itume kama hati, si kama picha. Bora zaidi tuma kiungo, na faili libaki pahala pake. Lakini ujue watu kwa nini wanaendelea kuombana picha kwa WhatsApp: kwa sababu picha rasmi ina megabaiti 48 na simu zao hazina bando. Kwa hiyo kila picha iliyoidhinishwa itoe watoto watatu papo hapo: pikseli 3,000 kwa maduka na magazeti, 1,080 kwa mitandao, 400 kwa orodha ya bei. Anayepata saizi yake kwa mguso mmoja hataomba ya rafiki. Kwa Amazon, picha ya kwanza iwe na mandhari nyeupe kabisa (namba za rangi 255, 255, 255), bidhaa ijaze asilimia 85 ya fremu, na upande mrefu uwe na pikseli 1,000 au zaidi ili mnunuzi aweze kuikuza. Nyeupe ya shuka iliyoanikwa uani si 255. Kifaa kinaiona kijivu.

Lebo, hapo ndipo penye moto

Chukua mfano mmoja. Kuna lebo nzuri ya bizari ya mchuzi ya gramu 100, imeidhinishwa kwa Ujerumani. Inakuja oda ya kichupa cha gramu 40. Mchoraji anaifungua, anaipunguza hadi asilimia 70, anabadili uzito, anapeleka kwa mchapaji. Kazi ya dakika kumi, na ina makosa matatu kwa pamoja.

La kwanza ni herufi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169/2011 inataka urefu wa herufi ndogo "x" kwenye maelezo ya lazima usipungue milimita 1.2. Pakiti ambayo uso wake mkubwa haufiki sentimita 80 za mraba inaruhusiwa milimita 0.9. Kama herufi zilikuwa 1.2 kamili, asilimia 70 yake ni 0.84. Imeanguka pande zote mbili.

La pili ni bakodi. Bakodi ya tarakimu 13, zile za Tanzania zinazoanza na 620, kwa ukubwa wake kamili ni milimita 37.29 kwa 25.93 pamoja na nafasi nyeupe za pembeni, na hairuhusiwi kushuka chini ya asilimia 80, yaani 29.83 kwa 20.74. Asilimia 70 inaweza kusomeka kwa simu yako ofisini na ikakataa kwenye mashine ya dukani.

La tatu halionekani kwa macho: uzito ulioandikwa ukibadilika, kanuni za GS1, shirika linalosimamia namba za bakodi, zinataka namba mpya. Ukibadili rangi au picha tu, namba inabaki. Kwa hiyo gramu 40 ni bidhaa nyengine yenye msimbo wake, namba yake na lebo yake ya asili iliyochorwa kwa saizi yake. Haizaliwi kwa kupunguza ya mkubwa.

Tukiwa hapohapo kwenye bakodi: itunzwe kama mchoro wa EPS, SVG au PDF, si picha ya skrini. Nafasi nyeupe kwa ukubwa kamili ni milimita 3.63 kushoto na 2.31 kulia, na wachoraji wanapenda kuzila. Na ile hamu ya kuchora mistari kwa rangi ya karafuu ili ilingane na pakiti, iache. Mashine nyingi za kusoma hutumia mwanga mwekundu, na hudhurungi yenye wekundu mbele ya mwanga huo ni kama haipo. Mistari myeusi juu ya nyeupe.

Bizari ya mchuzi yenye haradali au ufuta ina jambo jengine. Hivyo vimo katika vizio 14 (vyakula vinavyoleta mzio) ambavyo Ulaya inataka vitofautishwe kwenye orodha ya viambato, kwa mfano kwa herufi nzito. Mchoraji akibandika maandishi upya kutoka kwenye barua pepe, uzito wa herufi unapotea na hakuna anayegutuka. Ndiyo maana mkaguzi wa mwisho asome PDF ya mwisho, asisome maandishi ya Word.

Sabuni ya mwani kwa Ulaya inahesabiwa kipodozi, chini ya kanuni namba 1223/2009. Lebo lazima itaje mtu mwajibika (mtu au kampuni inayobeba dhamana ya bidhaa kisheria) aliyeko ndani ya Umoja wa Ulaya, na jalada la bidhaa hutunzwa miaka 10 tangu fungu la mwisho la bidhaa hiyo lilipoingia sokoni. Uingereza ina mwajibika wake peke yake tangu 2021. Hapo utaona kwa nini kwenye jina la faili tunaandika soko, hatuandiki lugha tu: lebo ya Kiingereza ya London na ya Dublin si lebo moja. Na utaona kwa nini lebo iliyostaafu haifutwi. Inahamia kwenye folda iliyofungwa pamoja na namba za mafungu ya bidhaa ambayo lebo hiyo ilibandikwa.

Lebo ya Oman ina kasoro yake inayojulikana. Faili la Kiarabu likifunguliwa kwenye programu isiyowekwa tayari kwa lugha hiyo, herufi zinaachana na maneno yanajipanga kinyume. Mtoto wa chuo cha Kurani ataona mara moja kuwa herufi hazikushikana. Mchapaji wa mbali hataona. Tunza mafaili mawili: moja la maandishi hai ya kusahihisha, jengine ambalo maandishi yamegeuzwa kuwa michoro, na hilo la pili pekee ndilo liende kwa mchapaji. Mkaguzi wa Kiarabu hapa hakosekani, ila kuisoma Kurani vizuri si sawa na kujua Kiarabu cha lebo ya chakula. Tafuta ajuaye vyote viwili.

Rangi tuziseme kwa ufupi. Manjano ile inayong'aa kwenye skrini haipo yote kwenye wino nne za mchapaji. Ikichapwa inafifia kidogo, na sio kosa la mchapaji. Faili la kuchapwa liwe PDF/X (PDF ya kiwango cha uchapaji) katika rangi za CMYK, yaani hizo wino nne, na ukingo wa ziada wa milimita 3 kila upande. Sampuli iliyochapwa na kusainiwa itiwe kwenye bahasha ya giza, namba ya toleo juu yake. Ukibandika ukutani dirishani, baada ya kaskazi moja rangi yake si ya kulinganishia tena.

Nembo iwe na chumba chake. Usajili wa alama za biashara Zanzibar uko kwa wakala wa usajili BPRA, na wa Bara uko kwa wakala BRELA. Mmoja hauchukui nafasi ya mwengine. Umbo lililosajiliwa litunzwe kama lilivyo, na daftarini paandikwe limesajiliwa wapi, kwa bidhaa zipi, mpaka lini. Mchoraji akizungusha mkia wa jahazi kwenye nembo "ipendeze zaidi", anachokipaka kwenye pakiti sicho unachokilinda.

Na huyo mchoraji, kabla ya malipo ya mwisho, akabidhi faili la kuchorea, fonti pamoja na leseni zake, na picha zote zilizounganishwa. PDF peke yake ni nyumba uliyopewa bila ufunguo. Akaunti ya kuhifadhia nayo iwe ya barua pepe ya kampuni. Vijana wanahama kazi, na barua pepe zao wanaondoka nazo.

Pa kuyaweka

Kutoka mwishoni mwa 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi baada ya njia ya umeme kutoka Bara kuharibika. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Tanzania ikawa mtandao wa kubahatisha kwa siku kadhaa. Asiyekuwa na kitu ila mtandaoni alikwama mara ya pili. Mwenye kompyuta moja tu ya mezani alikwama mara ya kwanza. Nakala ziwe tatu, juu ya vifaa vya aina mbili, moja ikae pengine kabisa. Mwenye ofisi Mjini na ghala Chake Chake amebarikiwa: diski ya tatu iende Pemba, zibadilishane kwa boti kila mwezi.

Piga hesabu ya intaneti kabla ya kuahidi. Video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 750 kila dakika. Gigabaiti 30 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 ni zaidi ya saa 13. Kwa hiyo video ghafi zikae kwenye diski, na mtandaoni ipande ile iliyokatwa na kuidhinishwa tu. Diski zihifadhiwe kwenye chombo kinachoziba, na vifuko vya silika, mbali na dirisha la upande wa bahari. Na kila miezi mitatu chagua mafaili matano bila kuchagua sana, yarudishe kutoka kwenye nakala, uyafungue. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni matumaini.

Siku mafaili yakipita elfu kadhaa na watumiaji wakapita kumi, hapo programu maalumu ina kazi. ResourceSpace ni ya bure kwa anayeweza kuiweka kwenye seva yake. Daftari lako litahamia humo safu kwa safu. Bila daftari, utakuwa umehamisha fujo.

Mwisho wa ruhusa

Picha inayouza sabuni ya mwani kuliko zote ni ya mama aliyeinama kwenye kamba zake, bahari ya Paje au Jambiani nyuma yake. Mama huyo ana jina, ana jamaa, na huenda hajui kuwa uso wake uko kwenye rafu Berlin. Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, isomwe kwa sauti kwa asiyesoma, na itaje mambo manne: itatumika kwenye nini (pakiti, mtandao, mabango), nchi zipi, miaka mingapi, na malipo gani. "Picha kwa ajili ya kampuni" si ridhaa ya pakiti. Miaka mitatu ni muda wa busara. Pakiti hukaa sana dukani. Uliza pia bila haya kama yuko radhi aonekane vile alivyo kazini, kanga imelowa na kilemba kimelegea, au atake apigwe akiwa amejisitiri sawasawa. Jibu lake liandikwe kwenye maelezo ya picha, maana anayeichagua miaka miwili baadaye hatakuwa yule aliyekuwepo ufukweni.

Namba ya fomu iandikwe daftarini, tarehe ya mwisho iwekewe kengele miezi sita kabla. Miezi sita, kwa sababu kuchapa pakiti upya na kuzisafirisha kunaweza kula minne. Mama akiomba picha iondolewe kabla ya muda, mtandaoni itoke siku hiyohiyo, na toleo la pakiti lihesabiwe limestaafu: oda ya uchapaji isimamishwe kwanza, kisha wakala wa nje aandikiwe, kisha mtu aende ghalani akahesabu roli za stika zilizobaki na kuziandika daftarini kabla hazijachomwa.